Mjuzi wa Kila Kipande

Ghazali alimaliza kuandika Tahafut al-Falasifa mwaka 1095, na humo alijibizana na wanafalsafa katika masuala 20. Kati ya hayo, ni matatu tu aliyoyaona mazito kiasi cha kumtoa mtu katika Uislamu: kudai kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kudai kwamba Mwenyezi Mungu hajui mambo moja moja isipokuwa kwa njia ya jumla, na kukana kwamba miili itafufuliwa. La elimu ni suala la 13. La ufufuo ndilo la 20, la kufungia kitabu. Niliposomeshwa haya na mwalimu wangu hapa Tanga, yalikuja kama mashitaka matatu yaliyotengana, kila moja na hoja zake na watu wake. Leo nasadiki kwamba haya mawili ya mwisho ni suala moja. Asiyejua vitu kimoja kimoja hamfufui mtu, hata nguvu zote zikiwa zake. Kilichonisadikisha ni sava ya madrasa moja ambayo diski zake zilikataa kufunguka.

Sava hiyo ilihifadhi darsa za sheikh ambaye ameshatangulia mbele ya haki: tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, Ramadhani baada ya Ramadhani, zilizorekodiwa kwenye kaseti, na baadaye wanafunzi wake wakazigeuza kuwa faili za MP3. Kaseti zenyewe nyingi zimeshaliwa na ukungu. Ndani ya sava mlikuwa na diski tatu za terabaiti 1 kila moja, zimeunganishwa kwa LVM, na ya nne ndogo iliyobeba Linux peke yake. Kijana mmoja mwenye nia njema alichomoa diski ya pili ili atazame yaliyomo kwenye kompyuta yake ya Windows. Windows ikamwambia diski haijaandaliwa, ikamuuliza kama aiandae. Akakubali. Diski iliporudishwa mahali pake sava iliwaka vizuri, lakini darsa hazikuonekana. Palikuwa na ujumbe tu kwamba kifaa chenye UUID fulani hakipatikani.

Maalim anayesimamia madrasa alikaa kwenye kiti karibu nami, akaniuliza, "Mwanangu, zimekufa au zimepotea?"

"Maalim, bado sijajua."

"Basi ukijua niambie kama ilivyo. Usinipambie."

Ibn Sina, mmoja wa wanafalsafa hao ambao Ghazali alijibizana nao, aliyefariki Hamadhan mwaka 1037, alikuwa na jibu la swali kama hili. Katika sehemu ya Ilahiyat ya kitabu chake Ash-Shifa anashikilia kwamba kilichotoweka kabisa hakirejei. Kikija kingine kinachofanana nacho kwa kila sifa, hicho ni mfano wake tu, maana katikati palipita kutokuwepo, na hakuna kilichobaki cha kuunganisha cha kwanza na cha pili. Hoja hiyo ni ngumu, na sijawahi kumwona mtu akiipuuza bila kujikwaa mbele. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote juu ya kufufua, lazima ijulikane kwanza kama kuna kilichobaki, na kilichobaki ni kitu gani.

LVM ni mpango wa kuzichukua diski kadhaa na kuziweka katika kundi moja, chini ya jina moja. Heinz Mauelshagen ndiye aliyeiandikia Linux toleo la kwanza mwaka 1998, akifuata mfano wa mfumo wa HP-UX. Kila diski hukatwa vipande vya mebibaiti 4, isipokuwa aliyeiandaa ametaka vinginevyo. Diski ya terabaiti 1 hutoa vipande takriban 238,000. Kisha hujengwa volyumu ya kimantiki, ile ambayo mtumiaji huiona kama diski moja kubwa, kwa njia ya orodha: vipande hivi vitoke diski ya kwanza, vinavyofuata vitoke ya pili, vya mwisho vitoke ya tatu. Kwa sauti iliyobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, kipande kimoja ni dakika 4 na ushei za maneno ya sheikh. Kipande chenyewe hakijui lolote. Hakina jina juu yake wala nambari, na hakijui ni aya gani ilikuwa ikisomwa kabla yake. Kinafanana na ukurasa wa msahafu uliofumuka, usio na nambari, mikononi mwa mtu asiyehifadhi.

Yote yanayojulikana kuhusu mpangilio huo huandikwa mwanzoni mwa diski, kwa kawaida ndani ya mebibaiti 1 ya kwanza. Sekta ya pili hubeba lebo inayoanza kwa herufi LABELONE, ikifuatiwa na UUID, jina la herufi na tarakimu 32 ambalo ni la diski hiyo peke yake. Kuanzia baiti ya 4,096 huja maelezo ya kundi zima, tena kwa maandishi ya kawaida yanayosomeka kwa macho: kundi linaitwaje, diski zilizomo ni zipi, volyumu ni ngapi, kila mfululizo wa vipande umeanzia wapi na una urefu gani. Kila badiliko hupandisha nambari ya toleo, na maandishi mapya huwekwa mbele ya yale ya zamani, hayafuti ya zamani papo hapo. Mwenye subira anaweza kuyasoma matoleo yaliyopita moja baada ya jingine, akaona siku kundi lilipopanuliwa na siku volyumu ilipopewa jina.

Sasa tazama Windows ilifanya nini. Ilipoiandaa diski iliandika jedwali la GPT, yaani ramani ya patisheni za diski. Kichwa cha GPT hukaa sekta ya pili, pale pale palipokuwa na lebo. Orodha ya patisheni hufuata mpaka sekta ya 34, na nakala ya jedwali huwekwa mwisho kabisa wa diski. Mwanzoni, basi, zilifunikwa baiti 17,408 katika diski yenye baiti trilioni 1. Kule mwisho palikuwa na masalio yasiyotosha kipande kizima, ambayo LVM haikuwa imeyatumia. Hakuna darsa hata moja iliyoguswa. Sauti yote ya sheikh ilikuwepo, pumzi kwa pumzi, kwenye sumaku ile ile iliyoandikwa siku ya kwanza. Na sava ilisema haipo.

Hapo niliweza kumjibu Maalim: hazijafa. Maada iko. Kilichofutika ni lebo na maelezo ya mpangilio, yaani elimu ya nini ni nini na kipi kinafuata kipi. Wengi tunapofikiria kiyama hujiuliza maswali ya maada: huyu aliliwa na papa, yule alichomwa moto, mwingine alioza na udongo wake ukaota mwembe na watu wakala maembe yake. Atakusanywaje? Wanafalsafa waliotajwa na Ghazali walileta hata mfano wa mtu aliyeliwa na mtu mwenzake. Maswali haya yanadhani kwamba ugumu uko kwenye kukusanya. Mbele ya sava ile hapakuwa na cha kukusanya, kila kitu kilikuwa mahali pake, na bado hakuna kilichokuwa hai.

Fundi mwenzangu alishauri tutumie PhotoRec, programu ya Mfaransa Christophe Grenier. Naiheshimu programu hiyo, imewaokoa watu wengi. Haihitaji ramani. Hupita diski nzima ikitafuta alama za mwanzo za aina za faili: MP3 huanzaje, JPEG huanzaje, PDF huanzaje. Ikiona alama huchota mpaka inapodhani faili imeishia, kisha huipa jina la nambari. Mwisho wake unapata rundo la faili zisizo na majina yake ya asili. Huyu ni sheikh anazungumza, ndiyo, lakini Ramadhani ya mwaka gani? Sura gani? Na faili iliyokuwa imegawanyika, nusu yake huku na nusu kule, huja nusu au huja imeunganishwa na ya mwingine.

Nilipokuwa naeleza hayo, suala la 13 lilinijia lote. Ibn Sina hakusema kwamba Mungu hajui. Tumpe haki yake. Alisema hata uzito wa chembe haufichikani Kwake, ila anaujua kwa njia ya jumla, kwa sababu elimu ya mambo yanayobadilika ingembadilisha mwenye kujua. Mfano wake ni kupatwa kwa jua: anayejua mizunguko yote ya sayari anajua kwamba kupatwa kwenye sifa hizi na hizi kunatokea, na elimu yake ni ile ile kabla yake, wakati wake na baada yake. Ghazali akauliza swali ambalo kwangu ndilo linalomaliza maneno: kwa elimu ya namna hiyo, mtu aitwaye Zaidi akitii au akiasi, atajulikana vipi kuwa ni Zaidi? Atajulikana mwanadamu, zitajulikana sifa za mwanadamu, itajulikana namna ya kutii na namna ya kuasi. Zaidi mwenyewe atakuwa faili yenye nambari.

PhotoRec ina elimu ya aina. Inajua MP3 ni nini kuliko mimi, na haijui hata darsa moja. Mungu anayejua kwa jumla tu angefufua wanadamu, na hakuna mama angempata mwanawe miongoni mwao.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikisoma Sura Qaf bila kuona kilichomo mwanzoni mwake. Wanaokana wanasema kurejea baada ya kuwa udongo ni jambo la mbali, na aya ya 4 inawajibu kwa elimu, inataja kile ardhi inachowapunguza, kisha inataja kitabu kinachohifadhi. Nguvu inakuja baadaye, katika mbingu na mvua. Ya-Sin, katika aya ya 78 na 79, inaenda njia hiyo hiyo: mtu anauliza juu ya mifupa iliyooza, na jibu linamalizika kwa kutaja ujuzi wa kila kiumbe. Mpangilio huu wa hoja hauko hivyo kwa bahati. Kufufua kunaanzia kwenye kujua.

Na sisi tulikuwa na kitabu. LVM, kila kundi linapobadilishwa, huandika maelezo yake kwenye saraka ya /etc/lvm/archive, na kwa mipangilio ya kawaida huyatunza yasipungue faili 10 wala siku 30. Saraka hiyo ilikuwa kwenye diski ndogo ya Linux ambayo hakuna aliyeigusa. Tena, diski ya kwanza na ya tatu, kila moja ilibeba mwanzoni mwake maelezo ya kundi zima, pamoja na UUID ya mwenzao aliyepotea na orodha ya vipande vyake vyote. Aliyefutwa jina alikuwa bado ameandikwa kwa wenzake.

Kazi ilianza kwa adabu, na adabu ya kazi hii ni kutoandika chochote juu ya kilichoumia. Diski zote tatu zilinakiliwa kwa ddrescue ya Antonio Diaz Diaz kwenda kwenye diski mpya, na zile za asili zikawekwa kando, hazikuguswa tena. Kwenye nakala ya diski ya pili lilifutwa kwanza jedwali la GPT, kwa wipefs, maana pvcreate hukataa diski inayojitangaza kuwa na patisheni. Ushahidi wa uongo uliosema diski ni mpya na haina kitu ulibidi uondoke kabla ya ukweli kuandikwa. Kisha pvcreate ikapewa UUID ya zamani na faili ya maelezo, ikaandika lebo upya pasipo kugusa vipande. vgcfgrestore ikarudisha maelezo ya kundi, vgchange ikaiwasha volyumu. Mfumo wa faili ukakaguliwa bila ruhusa ya kurekebisha kitu, ukapachikwa kwa kusoma tu.

Maalim aliomba darsa ya Suratul-Kahf. Katikati ya maelezo ya watu wa pangoni sheikh anakatiza, anamwambia mtoto afunge mlango kuna upepo, kisha anaendelea. Maalim akasema, "Mtoto huyo ni mimi." Hakuna programu ya kutambua aina za faili ambayo ingeweza kumpa jambo hilo.

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu LVM yenyewe ina pingamizi mbili juu ya nilichosema, na zote mbili ni za haki.

Ya kwanza ni diski tupu. pvcreate inakubali kuipa diski mpya kabisa UUID ya diski iliyokufa. Mafundi hufanya hivyo pale diski imeungua na wanataka kundi likubali kuwaka ili waokoe kilichobaki kwenye nyingine. Kundi linaipokea. Halina shaka nayo, jina ni lile lile na orodha ya vipande ni ile ile. Volyumu inawaka nzima. Lakini palipokuwa na sauti pana sifuri tupu: unaliona jina la darsa, unaifungua, kimya. Jina na mpangilio vimerudi, aliyeitwa hakurudi. Ghazali katika suala la 20 anasema mtu ni mtu kwa nafsi yake, na mwili unaweza kurudishwa kwa maada ile ile au kwa nyingine, kwani hata hapa duniani viungo vya mzee si vile vya utoto wake na bado ni yeye. Je, diski tupu yenye jina la kale haimpingi?

Naona haimpingi. Inaonyesha elimu inatakiwa ifike wapi. /etc/lvm inajua vipande viko wapi, haijui vimebeba nini. Tungekuwa na nakala kamili ya yaliyomo, tungeyamimina kwenye diski mpya, na hakuna hata mmoja pale madrasani ambaye angesema hii siyo darsa ya sheikh kwa sababu sumaku ni nyingine. Maada inakuwa lazima kwetu kwa kadiri elimu yetu ilivyo pungufu. Sisi tuliihitaji diski ile ile kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kilichomo. Anayejua kilichomo chote haihitaji.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Ukinakili diski ya LVM kwa ukamilifu kisha ukaziacha zote mbili kwenye mashine moja, LVM inaona UUID moja kwenye vifaa viwili. Inaonya, na inakataa kuwasha volyumu za kundi hilo mpaka jambo litengenezwe: moja iondolewe, au ipewe jina jipya kwa vgimportclone na iwe kitu kingine. Na hili ndilo swali la Ibn Sina limerudi kwa mlango wa nyuma. Kama elimu kamili inatosha kumrudisha mtu, basi inatosha kuwarudisha wawili, na wawili hawawezi kuwa mmoja. Kuna kitu katika kuwa fulani ambacho hakinakiliki. Ghazali angesema ni nafsi, na kwamba nafsi haikutoweka, kwa hiyo hakuna pengo la kuunganisha. Nakubaliana naye, ingawa nakiri kwamba hapa hoja ya sava inafika mwisho wa kamba yake. Sauti iliyorekodiwa haina nafsi; nakala zake elfu zote ni darsa ile ile. Mtu ni mmoja, na anayerudishwa anarudishwa na Anayemjua yeye, wala si anayejua maelezo yake tu. Mashine inanifikisha mpaka kwenye hitaji la kujua kila kimoja. Hainipi mfano wa kumjua mmoja ambaye hana wa pili.

Kuna jambo moja la hukumu ambalo wenye haraka wanapaswa kulisikia. LVM ikikosa diski huiandika katika maelezo kuwa haipo, na kundi linaendelea kuihesabu. Fiqhi inamjua mtu wa namna hii, inamwita mafqudi: aliyeondoka, hana habari, hajulikani kama yu hai. Madhehebu yamehitilafiana juu ya muda wa kumngoja, lakini msingi ni kwamba mali yake haigawanywi kwa dhana, mpaka kifo kithibiti au kadhi ahukumu. Mafundi wengi wakiona ujumbe wa diski kukosekana hukimbilia amri ya vgreduce yenye chaguo la removemissing, na ikigoma huongeza force. Amri hiyo inaliambia kundi limsahau aliyepotea na kufuta kila volyumu iliyomtegemea. Ni kumtangaza mtu maiti na kugawa mirathi yake siku ile ile aliyochelewa kurudi nyumbani. Kwenye sava ile, amri hiyo moja ingefuta darsa zote katika maelezo, huku sauti ya sheikh ikiwa nzima kwenye diski.

Basi ombi langu ni kwa wanaotunza sauti za wazee wetu, madrasani, makanisani, kwenye redio za mitaa na majumbani. Nakili saraka ya /etc/lvm uiweke nje ya mashine hiyo, kwenye flashi, kwenye barua pepe, na ukiweza uichapishe kwenye karatasi. Maelezo ya kundi zima kwa kawaida hayazidi kurasa chache. Andika kando yake kila diski ni ya nani na ina nini. Kisha tengeneza nakala ya darsa zenyewe, na umwambie mtu mwingine ilipo.